Bisibisi ya Allnut

Boti ya mjomba wangu ni ya faiba, ina urefu wa futi 23, na imekalishwa juu ya matairi chakavu nyuma ya nyumba yake Mtoni Kijichi, Temeke. Ilipoletwa na Fuso kutoka Msasani ilibidi uzio ubomolewe ili ipite, kisha uzio ukajengwa tena. Ukiutazama ukuta leo utaona kipande chenye tofali mpya, upana wa boti na nafasi kidogo. Mke wa mjomba, ambaye sote tunamwita anti, ana kuku wawili wanaotagia kwenye omo. Hakuna anayewafukuza.

Mjomba ni mtunza stoo kwenye ghala moja Chang'ombe. Boti anaishika Jumamosi mchana na Jumapili asubuhi, na mimi nikiwa sina kazi za darasani napanda daladala mbili kutoka Mlimani kwenda kumshikia tochi. Niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamili. Tasnifu yangu inahusu kazi za mikono katika hadithi zinazotokea kwenye maji ya Afrika Mashariki: nani anapiga makasia, nani anachoma kuni, nani anaziba tundu. Ndiyo maana Jumapili moja, umeme ukiwepo, nilimwekea mjomba The African Queen kwenye kompyuta yangu. Nilitaka kumfurahisha. Nilitaka pia, nikiri, kupata sentensi moja nzuri ya kuiweka kwenye sura ya pili.

Kwa ambaye hajaiona: filamu ya John Huston, 1951, imetokana na riwaya ya C. S. Forester ya 1935. Ni Septemba 1914, Afrika Mashariki ya Kijerumani. Rose, dada wa mmisionari, amefiwa na kaka yake baada ya askari kuchoma kijiji. Charlie Allnut, fundi mlevi, anamchukua kwenye boti yake kuukuu ya mvuke. Rose anaamua washuke mto hadi ziwani wakailipue meli ya kivita ya Wajerumani. Humphrey Bogart alipata Oscar kwa kumwigiza Allnut, na Katharine Hepburn ndiye Rose. Ilipigwa Uganda na Kongo, na sehemu kadhaa za majini zikapigwa studio Uingereza.

Mjomba alisimamisha filamu kabla hata hatujafika kwenye maporomoko.

“Mjomba,” alisema (yeye huniita mjomba kama ninavyomwita), “huo mto wameuitaje?”

“Ulanga.”

“Ulanga si unakuja kwetu?”

Mjomba ni Mrufiji. Maji ya Ulanga kwake si jina la kwenye filamu. Ni maji yanayoungana na ya Luwegu, yanakuwa Rufiji, yanapita Utete na kumwagika Bahari ya Hindi kuelekea Mafia. Forester aliliazima jina akageuza mto, akaupeleka kwenye ziwa. Mwandishi wa riwaya ana ruhusa hiyo, na nilimweleza hivyo. Mjomba alikubali kwa kichwa, kisha akasema kwamba kwa safari hiyo wangefika Mafia wakala pweza. Kwa dakika kumi zilizofuata kila boti ilipokata kona alikuwa anacheka peke yake.

Alinyamaza kwenye tukio la ukarabati. Boti imepita kwenye maji makali, shafti imepinda, panga moja la rafadha limekatika. Allnut anasema basi, safari imeisha. Rose anauliza kwa nini haiwezekani kunyoosha na kuunga. Wanaivuta boti ufukweni, wanawasha moto, mmoja anavukuta na mwingine anagonga, wanazama kufungua na kuzama tena kufunga, na boti inaondoka. Vitabu vya uhakiki wa filamu vinalipenda tukio hili kwa sababu hapo ndipo mapenzi yanapoiva. Na ni kweli, yanaiva. Wahusika wawili waliokuwa wanaoneana aibu wanageuka kuwa fundi na msaidizi, na mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi ya mikono na mwenzake anajua ukaribu ule.

Mjomba aliuliza swali moja tu. “Wale vijana wake wako wapi?”

Maana mwanzoni mwa filamu Allnut hayuko peke yake. Ana vijana wa kazi botini. Kwenye riwaya mabaharia wake Waafrika wanatoroka mapema, na hadithi haiwatafuti tena. Hadithi inawahitaji watoroke. Wakibaki, tukio la ukarabati linaharibika: kungekuwa na mtu wa tatu na wa nne kwenye moto, watu wanaokijua chombo na mto, na Allnut asingekuwa na sababu ya kumfundisha Rose kushika chochote. Mapenzi yale yamejengwa juu ya nafasi za kazi zilizoachwa wazi.

Lakini kuna mmoja ambaye hawakufanikiwa kumfuta. Pampu ya mtambo wa Allnut ina ugonjwa. Kila baada ya muda inakwama, na Allnut anaipiga teke inaamka. Rose anamuuliza kwa nini haitengenezi. Anajibu kwamba kijana wake mmoja aliangusha bisibisi ndani ya mtambo, na angeweza kuufungua akaitoa, ila amezoea kuupiga teke. Hiyo boti ndiyo kitu pekee alicho nacho. Watu hucheka hapo. Mimi pia nilicheka mara ya kwanza, na ya pili.

Sasa tazama sentensi hiyo ya lawama inatuambia nini. Bisibisi haianguki ndani ya mtambo uliofungwa. Ili uiangushe humo, mtambo uwe wazi na bisibisi iwe mkononi mwako, na mwenye boti awe amekuamini ufungue, au amelala. Yule kijana alikuwa fundi. Pengine fundi wa kujifunza, pengine mzembe, lakini ndiye aliyekuwa ameingiza mkono. Filamu nzima haituonyeshi Mwafrika akitengeneza boti ile hata dakika moja, na ushahidi pekee kwamba waliitengeneza ni kosa la mmoja wao lililobaki ndani ya mashine, likigongagonga njia nzima hadi ziwani.

Forester namtetea kwa jambo moja. Alijali namna kitu kinavyofanya kazi. Ukarabati ule kwenye riwaya ni wa taratibu zaidi kuliko kwenye filamu, una majaribio na kushindwa, na msomaji anachoka pamoja nao. Huston alikuwa na saa moja na dakika arobaini na kitu, akafupisha. Hata hivyo wote wawili wanaamini jambo lilelile: kwamba ukiwa na nia, vifaa vitajitokeza. Moto unawaka, chuma kipo, mkaa unatosha. Hakuna anayeenda dukani akaambiwa bei imepanda.

Meli ya Wajerumani kwenye hadithi hii ina mfano wake halisi, na huo mfano ni wetu. Graf von Goetzen iliundwa na kiwanda cha Meyer, Papenburg, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikapakiwa kwenye masanduku, ikashushwa hapa Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma kwa reli. Ilishushwa majini Februari 1915. Wajerumani waliizamisha wenyewe tarehe 26 Julai 1916 walipokuwa wanaondoka Kigoma, lakini kwanza waliipaka injini grisi nzito ili isile kutu. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na tarehe 16 Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Miaka ya 1970 mvuke ukatolewa ikawekwa dizeli. Ni meli ambayo bibi za watu wamezaliwa, wakaipanda, wakafa, nayo ipo.

Hadithi ya grisi mjomba aliipenda kuliko filamu yenyewe. Alinifanya nirudie. Kisha: “Nani alipaka?”

Vitabu vinatupa majina ya watu watatu waliotoka Papenburg kuja kuiunga: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Mwandishi Alex Capus amewatungia riwaya nzima kwa Kijerumani, 2007. Waafrika na Wahindi waliofanya kazi chini yao wanatajwa kwa wingi, kama vile mtu anavyotaja mifuko ya saruji. Mjomba, ambaye ametumia Jumapili mbili kupaka grisi mikono ya usukani na nyaya zake, alisema injini za meli hazipakwi na watu watatu.

Kisa cha upande wa pili wa vita hivyo kinahusu boti za mota hasa. Mimi na Toutou (jina Mimi hapa ni la boti, msomaji asichanganyikiwe) zilikuwa boti mbili za futi 40 zilizoundwa na Thornycroft, injini za petroli, zilizosafirishwa mwaka 1915 kutoka Uingereza hadi Cape Town, zikapandishwa treni hadi Katanga, zikaburutwa nchi kavu kuvuka milima ya Mitumba, zikashuka mto Lualaba, na mwishowe zikafika Ziwa Tanganyika. Tarehe 26 Desemba zikaikamata meli ndogo ya Wajerumani, Kingani. Giles Foden ameandika kitabu juu yake, Mimi and Toutou Go Forth, 2004. Ni kitabu cha kuchekesha, na kamanda Spicer-Simson alistahili kuchekwa: alitaka kuziita boti Paka na Mbwa, wakubwa wake wakakataa, akazipa majina ambayo kwa Kifaransa cha kitoto yana maana ileile. Alivaa sketi. Alichorwa tatuu mwili mzima.

Shida yangu na kitabu hicho ni kwamba ukikifunga, sketi inabaki kichwani na barabara haibaki. Boti mbili zenye uzito wa tani kadhaa zimepita msituni na kupanda mlima. Kuna maelfu ya watu waliofyeka, waliojaza mabonde kwa magogo, waliobeba maji ya kunywesha mashine za mvuke zilizovuta. Foden anawataja, hawafichi. Lakini kicheko cha kitabu kinaishi kwa kamanda, na mtu aliyebeba maji kichwani kilomita kadhaa ili injini ya Mzungu isikauke hachekeshi. Kwa hiyo anapita ukurasani haraka. Hapo sidhani kama ni suala la nia mbaya. Mwandishi akishachagua kuchekesha, kuna watu watakosa nafasi.

Sisi wenyewe tunafanya nini? Adam Shafi katika Kuli, 1979, aliwaweka wabeba mizigo wa bandari ya Unguja katikati ya hadithi, na tangu shuleni tumefundishwa kuisoma kama riwaya ya mgomo. Flipflopi, jahazi la Lamu lililoundwa kwa taka za plastiki na kuzinduliwa 2018, kila habari niliyoisoma juu yake ilimtaja fundi mkuu, Ali Skanda, kwa jina. Kwa hiyo inawezekana. Hata kwenye lugha yenyewe kazi hii imekaa: mkuku, taruma, hanamu, fashini, kukalafati, deheni. Mtu aliyevipa vitu hivi majina alikuwa ameinama juu yake. Boti ya faiba haijapata maneno hayo bado. Tunasema rezini, hadina, grenda, na pale ambapo hakuna neno tunaonyesha kwa kidole.

Pale mjomba alipokuwa anaonyesha kwa kidole ni kwenye ubao wa nyuma, ule unaobeba mashine. Kwa nje ni faiba, ndani kuna mbao. Maji yakipenya kwenye matundu ya bolti, mbao inaoza kimyakimya wakati faiba ya nje inang'aa. Mjomba aliligundua kwa kugonga na mpini wa nyundo kutoka upande wa kulia kwenda kushoto. Palipo pazima panajibu kavu, ko, ko. Alipofika katikati sauti ikawa nzito, kama kugonga godoro. Akatoboa kwa drili ndogo. Kilichotoka kilikuwa cheusi, kimelowa, kinanuka kama mhogo uliovundikwa.

Ikabidi kufungua. Alikata ngozi ya ndani kwa grenda, amejifunga kanga ya anti usoni na shati la mikono mirefu, kwa sababu vumbi la faiba linawasha siku mbili. Mbao iliyooza tuliichokoa kwa patasi, na kwenye pembe kwa kijiko. Jumapili tatu. Halafu mjadala wa wiki nzima kwa simu: aweke plaiwudi ya majini, ambayo bei yake inamkera, au mbao ya mninga, ambayo fundi mmoja wa Kunduchi anaapa itamzika yeye na boti ibaki. Akachagua plaiwudi, vipande viwili vya kubandikwa pamoja, kwa hoja kwamba mninga utacheza ndani ya faiba jua likipiga. Sina uwezo wa kuamua nani yuko sahihi.

Rezini haigandi bila hadina, na hadina ni kidogo sana, kwa lita moja kama vijiko vitatu au vinne vya chai. Jua likiwa kali unapunguza. Siku ya kubandika ubao wa kwanza mjomba alinikabidhi kopo na kizibo cha kupimia, akaingia ndani kuswali adhuhuri. Nilikuwa na haraka ya kuwa na faida. Nikamimina, nikaona kidogo, nikaongeza. Aliporudi kopo lilikuwa la moto, linatoa moshi, na ndani rezini imekuwa jiwe lenye nyufa na brashi yetu nzuri imesimama katikati yake. Lita nzima. Mjomba alilitazama kopo, akalitazama jua, akasema kosa ni lake kwa kufanya kazi saa saba mchana. Alilibeba mwenyewe kulitupa.

Nimetaja hilo kwa sababu nilikuwa tayari nimeshaandika ile aya ya bisibisi, na nilikuwa nimeridhika nayo sana.

Jioni hiyo nilikaa jikoni na anti, anachambua mchele. Nikamuuliza swali ambalo mtu mwenye akili angeliuliza miezi mingi nyuma: mashine ya boti iko kwa fundi gani? Nilikuwa naikumbuka, Yamaha ya arobaini, yenye kofia iliyopauka. Siku zote nilidhani iko mahali inatengenezwa.

Anti hakuinua macho. “Mashine si ndiyo wewe?”

Nikadhani ni utani.

“Uliingia Mlimani na ile arobaini,” alisema. “Alimuuzia mvuvi mmoja wa Mbweni. Muhula wa kwanza wote.”

Mimi nilijua ada ililipwa na mjomba. Nilimshukuru kwa simu na nilipokuja likizo nilimletea shati. Sikuuliza ilitoka wapi. Kwenye pendekezo la tasnifu yangu, ukurasa wa nne, nilikuwa nimemtumia yeye kama mfano, bila jina, wa ukarabati unaofanywa nyumbani kwa ajili ya kujiburudisha, usio na shinikizo la kiuchumi. Msimamizi wangu alipigia mstari sentensi hiyo na kuandika pembeni kwamba ni nzuri. Nilikuwa nimeweka mtu mzima ndani ya hoja yangu na kumtoa kwenye hesabu zake mwenyewe. Foden angalau alitaja barabara.

Nimeifuta. Mahali pake sijaweka kitu bado. Sura ina pengo la mistari sita na tarehe ya kuiwasilisha inakuja. Nilifikiri kuandika ukweli, kwamba boti inakarabatiwa bila mashine kwa sababu mashine ilisomesha mtu anayeandika, lakini katika lugha ya tasnifu sentensi hiyo inasikika kama ninajisifu au ninaomba radhi, na pale haihitajiki hata moja.

Ile boti iliyoigiza African Queen, kwa taarifa, ni nzima. Iliundwa Lytham, Uingereza, mwaka 1912, ikafanya kazi Ziwa Albert, na sasa iko Key Largo, Florida, ambako ilikarabatiwa mwaka 2012 na inabeba watalii. Nilimwonyesha mjomba picha zake. Alizikuza kwa vidole, akaangalia nyuma, kwenye shafti, muda mrefu kuliko alivyomwangalia Bogart.

Nilimuuliza kuhusu mashine. Nilichagua wakati ambao mikono yake ilikuwa na kazi, ili asilazimike kunitazama. Aliniambia anti ana mdomo. Kisha akasema mashine za kununua zipo, za mkononi zinapatikana hata Msasani, lakini hakuna maana ya kununua mashine wakati hakuna pa kuifunga, na nishike tochi chini zaidi kwa sababu namulika kuku.

Ubao wa kwanza umeshika. Tuliugonga wote wawili kutoka upande mmoja hadi mwingine. Jumamosi ijayo kazi yake anapumzika, kwa hiyo tunabandika wa pili, na niwe nimefika kabla ya saa moja asubuhi, jua halijawa kali. Hadina atapima mwenyewe.